Mtoto Aliyelala Nyika

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Julai 1971. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali. Ukungu ulifunika bonde lote la Kwai, na majani ya kabeji yalilowa umande. Hata kuku walichelewa kutoka.

Jenoveva alikaa jikoni karibu na moto, akimnyonyesha mwanawe Tobia. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, mwenye umri wa miezi miwili. Mama mkwe wake, Bibi Marta, alikuwa akichochea kuni.

Fanueli, mume wa Jenoveva, aliingia amevaa suruali yake ya Jumapili. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, na siku hiyo likizo yake ilianza.

"Mama Tobia, bado tu?" aliuliza. "Basi halitatungoja."

Walikuwa wanakwenda Tanga. Kaka yake Fanueli, Nikodemo, alifanya kazi bandarini huko. Aliwaalika kwa sikukuu ya Saba Saba. Kutakuwa na gwaride na maonyesho, na mkesha wa sikukuu kutakuwa na dansi kubwa.

"Fanueli," alisema Bibi Marta, "wewe nenda ukacheze. Miguu ni yako. Huyu mtoto miguu hana. Mwache hapa na mama yake."

"Mama, Nikodemo hajamwona mtoto. Na mke wangu hajaiona bahari tangu azaliwe."

"Bahari haitahama. Ataiona mtoto akikua. Wazee wetu walishuka nyika, kule chini kwenye joto, kulima mahindi. Jua likianza kuinama, walipanda kurudi milimani. Hawakulala nyika na watoto wachanga."

Fanueli alicheka. "Hayo ni ya zamani, mama. Sasa tumejitawala. Mtu analala popote katika nchi yake."

Jenoveva alisikiliza. Moyo wake ulitaka kubaki. Lakini alikuwa bado mgeni katika nyumba ile, na hakutaka kuonekana mke mbishi. Alimfunga mtoto mgongoni.

Bibi Marta alipoona kwamba watakwenda tu, alileta sweta la sufu alilolifuma mwenyewe, na blanketi dogo. "Usimvue sweta hili," alimwambia Jenoveva. "Mtoto wa safari hufunikwa."

Ndani ya basi Fanueli alimwona mkewe amenyamaza. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Usiogope. Kwenye dansi tutachungulia tu, kisha tutarudi kulala. Nakuahidi."

Basi lilipita Soni, likateremka zile kona zote mpaka Mombo. Hapo joto liliwapiga usoni kama wamefungua chungu cha maji ya moto. Tobia alianza kulia. Uso wake ulikuwa mwekundu, na shingo ilikuwa imelowa jasho.

"Mama, mvue mtoto hayo masufu," alisema mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yao. "Unampika."

Jenoveva alikumbuka maneno ya mama mkwe wake. Alifungua kifungo kimoja tu.

Nikodemo aliwapokea kwa furaha. Alimrusha Tobia juu kidogo, akamdaka, akasema, "Karibu mjini, bwana mkubwa." Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja na sebule ndogo. Chumbani palikuwa na kitanda chake na mkewe, na juu ya kitanda kitambaa cheupe chepesi kimening'inia kutoka darini.

"Shemeji ana mapambo mazuri," Jenoveva alimnong'oneza mumewe. "Labda ni ya arusi."

Fanueli naye hakujua. Kule kwao Kwai hakuna mbu wa kumsumbua mtu, na hakuna nyumba yenye chandarua. Usiku wageni walilala sebuleni juu ya mkeka, dirisha likiwa wazi ili wapate hewa. Nikodemo alikuwa ameishi Tanga miaka mingi. Chandarua kwake kilikuwa kitu cha kila siku kama mlango wa nyumba. Hakuwaza kwamba wageni wake hawakijui.

Mkesha wa Saba Saba walikwenda kwenye dansi. Mlinzi wa mlangoni alimtazama Jenoveva na mzigo wake.

"Mama, hapa ni mahali pa watu wazima."

"Huyu hanywi wala hachezi," alisema Fanueli. "Atalala tu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mlinzi naye alicheka, akawaruhusu.

Ukumbi ulijaa watu, moshi wa sigara na harufu ya bia. Jenoveva alipata benchi karibu na dirisha. Nje ya dirisha mfereji wa maji machafu ulikuwa umeziba. Alimlaza Tobia mapajani, akampepea kwa leso. Bendi ilianza kupiga, na Fanueli akaenda kucheza.

Baada ya muda Jenoveva alimwita. "Baba Tobia, twende. Ulisema tutachungulia tu."

"Wimbo mmoja tu, mama."

Wimbo mmoja ulizaa mwingine. Jenoveva alipomtazama mtoto, alimwona amefumbua kinywa chake chote. Alikuwa analia. Lakini tarumbeta zilikuwa na kelele nyingi, na mama yake mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Asubuhi mashavu ya Tobia na mikono yake ilikuwa na madoa mekundu.

"Ni vipele vya joto," alisema Fanueli. "Tukifika nyumbani vitaisha."

Kweli, walipofika nyumbani viliisha. Jenoveva alimshukuru Mungu. Bibi Marta alimkagua mjukuu wake kila mahali, akaridhika. Tanga ikawa habari ya kusimulia tu.

Wiki moja baada ya kurudi, Tobia alishikwa na homa.

"Baridi imemwingia," alisema Bibi Marta. Alichemsha majani, akamwogesha, akamfunika. Homa ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena. Siku ya pili jirani mmoja alisema, "Watu wengi walimtazama huko mjini. Pengine ni jicho." Bibi Marta alichemsha majani mengine. Jenoveva alisali rozari akiwa amempakata mtoto, shanga moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikaingia ganzi. Hakuna aliyeikumbuka Tanga kwa jambo la ugonjwa. Ugonjwa wa Tanga, walidhani, hubaki Tanga.

Siku ya tatu Tobia alikataa ziwa. Ndipo Fanueli alipomfunga mtoto kifuani, wakashuka mbio mpaka zahanati.

Bibi afya aliyekuwa zamu aliitwa Secilia. Alikuwa mama wa makamo asiyekuwa na haraka ya kusema. Alifunua kope za mtoto, akaona weupe wa kupungukiwa damu. Alimgusa tumbo.

"Shikamoo, bibi," alisema Fanueli akihema. "Ni baridi hii."

"Marahaba. Mwezi huu mmelala wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Kila siku nyumbani?"

Jenoveva ndiye aliyejibu. "Tulilala Tanga, bibi. Wiki nzima."

"Ndani ya chandarua?"

"Chandarua ni nini?"

Bibi Secilia alimpiga mtoto sindano upesi, akamtuma mtu kwenda kuomba gari la kuwapeleka hospitali. Walisubiri barazani. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Tobia alipumua haraka haraka, kisha polepole. Jenoveva aliinamisha sikio lake karibu na kinywa cha mtoto, asije akakosa kuisikia sauti yake tena. Alibaki hivyo muda mrefu. Gari lilipofika, sauti haikuwapo.

Walimzika Tobia ukingoni mwa shamba. Kaburi lake lilikuwa fupi kuliko jembe lililolichimba.

Nikodemo alipanda kutoka Tanga. Bibi Secilia naye alikuja kuhani, akakaa mkekani pamoja na wafiwa. Baada ya sala Fanueli alimuuliza, "Bibi, mwanangu ameuawa na nini? Ni ile hewa ya nyika waliyoisema wazee?"

"Wazee waliona jambo la kweli," alisema Bibi Secilia, "ila hawakumwona mwenye kulifanya. Mtoto wako alikuwa na malaria. Huletwa na mbu. Mbu huyo huuma kuanzia jioni mpaka alfajiri. Ndiyo sababu waliopanda kabla ya jua kuzama walipona."

"Mbona aliugua tukiwa tumekwisha kurudi?"

"Malaria hukaa mwilini kimya. Siku kumi, hata wiki mbili. Mlipanda nayo mlimani bila kujua."

"Lakini mimi na mama yake hatukuugua."

"Si kila mbu anayo, na mtu mzima ana nguvu zaidi ya kupigana. Mtoto mchanga hana, na mtoto wa huku kwetu mwili wake haujawahi kuijua malaria. Kwake homa ya siku moja ni hatari kubwa. Anapopata joto tu, mleteni zahanati siku ile ile, na mseme mlikotoka. Usiposema nitauliza mimi, lakini usiningoje niulize."

Bibi Marta alijifunika uso kwa kanga. "Nami nilikuwa namchemshia majani."

"Ulifanya kwa upendo, mama. Lakini majani yalikula siku zake."

Nikodemo alikuwa amekaa mlangoni. "Mimi nililala ndani ya chandarua," alisema. "Wageni wangu niliwalaza nje."

Miezi ilipita. Watu waliendelea kumwita Jenoveva Mama Tobia, maana ndilo jina lake. Kila alipoitwa aligeuka, na kila alipogeuka mgongo wake ulikuwa mwepesi. Jioni alianza kwenda darasa la watu wazima. Neno la kwanza aliloliandika bila kutazama ubao lilikuwa Tobia. Alilitazama, akalifunika kwa kiganja ili mwenzake asilione.

Ndani ya nyumba alimpikia mumewe, akamfulia, lakini hakuwa na mazungumzo naye. Siku moja Fanueli alimwambia chumbani, "Nisamehe, mke wangu. Nakuahidi jambo hili halitatokea tena."

"Nimekwisha kukusamehe," alijibu Jenoveva. "Mbele ya Mungu nimekusamehe. Lakini ahadi sizitaki. Uliniahidi ndani ya basi, tukiwa wawili, kwamba tutachungulia tu. Ahadi ya watu wawili mmoja akiisahau, mwingine hana shahidi wa kumwita."

Mwezi wa Septemba 1972 Jenoveva alijifungua binti. Walimwita Marta, kama bibi yake. Tangu siku za kwanza Jenoveva alimpeleka kwa Bibi Secilia kupimwa uzito. Joto lilipomzidi mara moja, hakuchemsha chochote. Alimfunga mgongoni, akaenda. Yalikuwa mafua tu, na Bibi Secilia hakumcheka. "Afadhali uje bure mara mia," alimwambia.

Nikodemo aliwaletea chandarua kutoka Tanga. Jenoveva alikikunja, akakiweka sandukuni. Hakukihitaji Kwai. Lakini mwaka uliofuata jirani yao Zuhura alifiwa na baba yake huko Korogwe. Ilimlazimu kushuka, na mwanawe alikuwa bado ananyonya. Jenoveva alikwenda kwake kabla hajafunga mizigo.

"Pitia kwanza kwa bibi afya," alimwambia. "Atampa mtoto dawa ya kuzuia, na atakueleza namna ya kumpa. Na hiki hapa chandarua. Jua likizama, mwingize ndani. Kingo zake zichomeke chini ya mkeka."

"Na sweta?"

"Ukifika Mombo mvue. Mvike kitu chepesi chenye mikono mirefu."

"Watanicheka kule, Mama Tobia, na hema langu hili."

"Wakucheke. Mimi kwenye dansi walinichekea mlangoni, nikaingia, nikampoteza mwanangu."

Zuhura alikaa Korogwe mpaka matanga yakaisha. Aliporudi, Jenoveva alihesabu wiki pamoja naye, moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mtoto hakuugua. Wiki ya tatu ilipokwisha, Zuhura alirudisha chandarua kimefuliwa, na juu yake ameweka kikapu cha matunda damu. Jenoveva alikipokea, akaingia jikoni, akalia peke yake. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa mtoto wa Zuhura, na huku akimuuliza juu ya wake.

Julai 1973 Saba Saba ilifika tena. Safari hii Nikodemo na mkewe ndio waliopanda. Bibi Marta alichinja kuku. Bibi Secilia alikuja, na Zuhura na mumewe, na majirani wengine. Marta alikuwa mzito, ana meno mawili, na alimpokonya Nikodemo, baba yake mkubwa, kipande cha ndizi mkononi. Watu walicheka. Jenoveva pia alicheka.

Mke wa Nikodemo alimbeba Marta. "Mama Marta, huyu sasa ni mkubwa. Mwaka ujao mlete auone mji."

"Niite Mama Tobia, shemeji," alisema Jenoveva polepole. "Huyu ni wa pili."

Kicheko kilikoma. Jenoveva alimtazama mumewe. Hakumwondolea macho.

Fanueli aliweka sahani chini. Alisimama, akavua kofia. Aliutazama ukingo wa shamba, kisha akawageukia watu wote.

"Kaka, shemeji, mama, na ninyi majirani," alisema. "Nasema mbele yenu, ili nikisahau mnikumbushe. Mtoto wangu mchanga sitampeleka tena kwenye starehe yangu. Nikitaka kucheza, nitakwenda peke yangu, au nitabaki. Tukilazimika kushuka nyika, tutapita kwanza kwa Bibi Secilia, na mtoto atalala ndani ya chandarua. Na akishikwa na homa, nitambeba siku ile ile, mimi mwenyewe, nami nitasema tulikotoka kabla sijaulizwa. Mama Tobia, nimeahidi. Na hawa wote wamenisikia."