Mkutano Usio na Kipaza Sauti

Siku kaka yake alipozikwa, Mdogo alirudi kwenye karakana yao ya makochi, udongo wa makaburini ukiwa bado kwenye viatu. Kochi la mteja lilikuwa uchi katikati ya chumba, springi zimetoka nje. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakandamiza springi, mwingine anafunga kamba. Mdogo alikandamiza kwa goti, akanyoosha mkono nyuma kupokea kamba, kama miaka yote. Hakuna aliyempa.

Akatoa chupa nyuma ya magunia ya sufi, akanywa.

Pombe ndiyo iliyomwondoa kaka. Ilikula ini lake polepole, naye akiifanyia mzaha. Muuguzi wa zahanati aliwahi kumwambia, mbele ya Mdogo, "Kuna mkutano wa watu wanaoacha pombe. Nenda."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Mkutano? Nipande jukwaani, nitangazwe kwenye kipaza sauti kuwa mimi mlevi? Kwani nagombea udiwani?"

Mdogo naye alicheka, mbavu hana. Wakaondoka. Hawakuuliza zaidi.

Asubuhi moja mjane wa kaka alikuja kuchukua nguo za kazi za marehemu. Alimkuta Mdogo akitetemeka mikono, sindano imemtoboa kidole. Akanusa hewa.

"Shemeji, umeshakunywa saa hizi?"

"Nazimua tu, shemeji. Ya jana bado iko kichwani."

"Kaka yako naye alikuwa anazimua." Akaokota shati la kazi la marehemu. "Kazimika yeye."

Mdogo aliinamisha kichwa. Machozi yakadondoka juu ya kitambaa cha mteja.

"Twende zahanati," mjane akasema.

"Kwenye ule mkutano? Nikatangazwe?"

"Hatujui ukoje. Nyinyi mlicheka, na mimi nikanyamaza. Leo tukaulize."

Muuguzi aliwakaribisha, akafunga mlango.

"Hakuna jukwaa wala kipaza sauti," alieleza. "Ni watu wachache wanaokaa chumbani na kuzungumza. Wote pombe imewatesa. Usipotaka kusema, sikiliza. Jina la utani linatosha. Hakuna kiingilio. Ya mle hayatoki nje."

"Lazima niwe nimeshaacha?"

"Unatakiwa kutaka kuacha tu. Lakini usijifungie ndani ukaacha ghafla. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kuleta degedege, hata kifo. Leo utamwona daktari kwanza, akusimamie."

"Na anayeishi mbali na hapa?" mjane akauliza.

"Aulize hospitali ya kwao, au mhudumu wa afya wa mtaa, au nyumba ya ibada. Asipopata jibu kwa mmoja, aende kwa mwingine."

Mdogo alimkazia macho. "Mbona kaka hukumweleza hivi?"

Muuguzi aliweka kalamu mezani. "Nilisema mkutano, nikadhani kaelewa. Ningesema mazungumzo, labda angekuja."

Mjane alijifunika uso kwa ncha ya kanga.

Daktari alimpima Mdogo, akampa dawa, akamtaka arudi kila siku mpaka mwili utulie. Kisha Mdogo akaenda kwenye ule mkutano. Alichagua kiti cha plastiki karibu na mlango, ili akitaka kukimbia akimbie. Mama mmoja muuza mitumba alisema, "Leo nimeitamani mpaka jasho likanitoka. Sijanywa." Wengine waliitikia kwa vichwa. Mdogo alisikiliza mpaka mwisho, hakukimbia.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja akafungua mdomo.

"Kaka yangu angekaa hapa," alisema. "Angewachekesha sana."

Hakuna aliyempa mawaidha. Aliyekaa kando yake alisogeza kiti, wakakaa bega kwa bega.

Mdogo aliwahi kuteleza mara moja, akanywa. Alirudi kwa aibu, akapokewa kama kawaida. Sasa huenda kila Jumanne baada ya kazi. Shemeji yake hukaa chumba cha pili, ambako familia za wanaoacha pombe nazo huzungumza.