Usimuue Mwenye Mdomo wa Sindano

Siku hizo Georgette aliingia shambani hata kabla ya kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. Shamba lake la viazi lilikuwa kando ya njia ya Buluo, nje ya Likasi. Alibeba kopo lenye majivu, na kila mdudu aliyemwona alimtupa humo. Hata hivyo majani yalizidi kutoboka, yakawa kama wavu. Walioyala walikuwa wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa, pamoja na watoto wao wa manjano wenye miiba. Viazi hivyo ndivyo familia ingekula mpaka mahindi yakomae. Chakula kingine hakikuwepo.

Mumewe Magloire akafika, pompe ya kunyunyizia dawa mgongoni. Chupa ya dawa haikuwa na karatasi wala jina.

"Bibi, toka humo. Mwenye kuuzisha alisema inaua vyote."

"Mara ile ulipiga, si walirudi wengi kupita mbele?"

"Basi leo nitapiga kali zaidi."

Jirani yao, Mama Orpha, aliyefundishwa kilimo kule Kapolowe, alisikia maneno hayo. Akaja mbio na jembe lake. Akachungulia kopo.

"Yo! Georgette, weye unaua watumishi yako!"

Kwa kijiti akamtoa mdudu mmoja mwembamba, mweusi, mwenye mdomo kama sindano. Alikuwa angali hai.

"Huyu hana kazi na majani. Anakulaka wale wenye kuharibu. Lakini usimushike na vidole, anachoma."

Magloire akacheka. "Mama, miye niko na njala, weye unaniletea mududu?"

"Simama kidogo. Ukiona ni uongo, piga dawa yako."

Orpha akamtia yule mwembamba ndani ya chupa tupu ya maji iliyokuwa shambani, pamoja na watoto wawili wa manjano. Georgette akainama kutazama. Mdudu hakutikisika.

"Amelala," Magloire akasema. Akashika mpini wa pompe.

Ndipo sindano ikaingia. Mtoto wa manjano akajikunja, akanyonywa, ikabaki ngozi tupu.

"Eh! Amemunywa!"

"Dawa ya kuua vyote inamuua na huyu," Orpha akasema. "Kisha waharibifu wanarudi, hakuna wa kuwakamata. Tena mulichoma nyasi yote ya pembeni. Angelala wapi?"

Georgette akatazama majivu ndani ya kopo lake. Waliokufa humo walikuwa wengi.

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Okota wa mviringo na wa manjano. Mwembamba umuache. Nitakuletea wengine kutoka kwangu. Lakini kona ile yenye kuliwa yote imekwisha, musinidai muujiza."

Magloire akashusha pompe.

Kweli, kona ile haikupona. Kwingine kote Orpha alileta wadudu wake wembamba, majani mapya yakatoka mazima, na nyasi za pembeni hazikuchomwa tena. Siku ya kuchimba, Georgette aling'oa shina la kwanza. Viazi vikaning'inia, vikubwa kama ngumi, na watoto wa nyumbani wakagombania beseni.

Mdudu mwembamba alikuwa akipanda mkono wa shati la Magloire. Georgette akamtazama mumewe. Magloire akampokea mdudu kwa jani, akampeleka taratibu mpaka kwenye nyasi.

"Pumuzika, papa," akamwambia. "Tukipanda tena, tutakuita."