Mto wa Maranda ya Mvule

Mtaani walimwita Fundi Msasa. Kitanda hakikutoka kibandani kwake kabla hajakisugua kikateleza kama sabuni. Akisugua, anaimba. Akiimba, anapiga chafya. Mkewe alishazoea. Chafya zikianza, anajua kazi ya leo ni ya mvule.

"Hiyo ndiyo harufu ya kazi," Fundi alipenda kusema huku akifuta macho. "Asiyepiga chafya hapa si seremala, ni mgeni."

Basi mgeni akaja. Mama mkwe wake alifika kumsaidia binti yake, aliyejifungua kwa upasuaji. Fundi alitaka kumpokea kwa heshima zote. Akafikiri, akajikuna kichwa mpaka penseli ikadondoka kutoka sikioni. Hapo wazo likamjia.

Mbao za mvule mchwa hawazitaki. Mlango wake unasimama miaka mingi, mchwa wanaupita pembeni kama watu waliogombana nao. Sasa kama mchwa wanaukimbia, kunguni ni nani? Fundi akakusanya maranda laini, akaongeza vumbi lililoanguka chini ya msasa. Akashindilia yote kwenye foronya mpya, akashona. Akampelekea mama mkwe kwa mikono miwili.

"Mto huu, mama, kunguni hausogelei ng'o!"

"Ahsante, mkwe wangu. Mungu akuzidishie."

Kulipokucha, mama alitoka chumbani macho yamevimba na shingo imejaa vipele. Alipokwenda bombani, jirani alimuuliza kwa sauti ya chini, "Wamekuudhi, mama?" Kabla ndoo haijajaa, mtaa wote ulishajua kwamba Fundi Msasa anamliza mama mkwe wake.

Fundi hakujua aufiche wapi uso. Akasema ni moshi, akahamishia jiko uani. Wapi! Mama akazidi kukohoa. Kifua kikaanza kupiga filimbi kama birika.

"Mwanangu," mama alimwambia binti yake, "nyumba hii hainitaki. Narudi kwangu kabla sijawafia hapa."

"Ukiondoka, nani ataniinulia mtoto? Mshono bado unauma!" Binti akaanza kulia.

Fundi alirudi kibandani amenywea. Mama mkwe anaondoka, mke analia, mtaa unamcheka. Angalau mtoto alale vizuri, alijiambia. Akachukua kitambaa, akaanza kushona mto mdogo.

Mama Mbao akamkuta na sindano mkononi. Huyu ndiye aliyemletea mbao. Kabla ya biashara hiyo, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Sauti yake ilikwaruza kama msumeno butu.

"He, shemeji! Umeacha useremala, sasa wewe ni fundi cherehani?"

"Namshonea mwanangu mto. Wa maranda ya mvule, kama ule wa mama mkwe."

Mama Mbao akaacha kucheka. "Mama mkwe yupi? Huyu mwenye macho kama nyanya?"

Sindano ikasimama hewani. Fundi akautazama ule mto mdogo kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni kamba.

"Lakini mvule ni mti mzuri!" alisema.

"Nani kasema ni mbaya? Milango, vitanda, hata mashua, vyote vinatoka humo. Ila mti huu una dawa yake ndani. Ndiyo inayofukuza mchwa. Mbao ikiwa nzima, dawa imetulia. Ukiisaga ikawa vumbi, inaruka mpaka machoni na kifuani. Wengine haiwafanyi kitu. Wengine inawawasha ngozi. Wengine inawabana pumzi. Mimi ilinitoa kiwandani. Au unadhani nilizaliwa na sauti hii?"

Fundi akashika pua yake. "Na chafya zangu?"

"Mwili wako unakugombeza, wewe unaimba!"

"Kwa hiyo niache mvule?"

"Uache, ule nini? Acha kula vumbi! Sugulia nje, mahali upepo unapopeleka vumbi mbali na nyumba. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Vaa barakoa nzito ya vumbi, inayobana vizuri puani, siyo hiyo leso unayojifunga kama jambazi. Na nguo za kazi zibaki hapa hapa. Uoge ndipo umshike mtoto. Halafu mtoto mchanga hahitaji mto wowote, wa mvule wala wa pamba. Lakini kwanza mpeleke mama hospitali. Kifua kinachopiga filimbi hakisubiri kesho."

"Na ule mto niuchome?"

"Uwape watu na moshi wake? Ulowanishe, uuzike."

Fundi alimweleza mama mkwe ukweli wote, kichwa chini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akihema.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa kunguni?"

Fundi akatamani ardhi ipasuke. Mama akaanza kucheka, kicheko kikamtia kikohozi, Fundi akakimbia kutafuta gari.

Hospitali walimpa dawa ya kuvuta, wakamwambia asikaribie tena vumbi lile. Kifua kikafunguka, macho yakarudi mahali pake. Mama akaufungua mfuko wake wa safari, akapanga nguo zake upya kabatini.

Siku moja Fundi aliingia ameoga, amebeba kitanda kidogo cha mtoto. Alikisugua nje, akakifuta kwa kitambaa chenye maji, akakipaka vanishi na kuiacha ikauke kabisa.

"Mti gani huu?" mama aliuliza.

"Mvule, mama."

Mama akapitisha kidole ubavuni mwa kitanda, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akamlaza mjukuu wake humo, bila mto.

Siku hizi Fundi bado anaimba, ila wimbo unafika mwisho bila chafya hata moja. Kazi imemwongezekea mkewe: lazima achungulie dirishani na kuuliza, "Baba, leo ni mti gani?"