Jiwe Namba Kumi na Nne

Saa tano na dakika kumi asubuhi kisanduku kilifunguliwa mbele ya mahujaji ishirini na wawili, na pale palipopaswa kukaa kikombe cha fedha cha altare, palikuwa na jiwe. Jiwe tu, limefungwa kitambaa, limetulia kama mgeni aliyepewa kiti.

Shangazi alibaki ameshika kifuniko. Ni yeye aliyeomba heshima ya kukibeba kisanduku kutoka kanisani hadi ukumbini.

"Geti limefungwa," alisema Abate, mkuu wa watawa wa mlimani. "Polisi watafika baada ya nusu saa. Mama, utaongozana nao."

"Shangazi yangu?" Kijana mmoja alijipenyeza mbele. Alikuwa mpima mizigo wa stesheni, na wenzake walimwita Mizani, maana mkono wake ulijua uzito kabla ya sindano kutulia. "Baba Abate, huyu hata biskuti akiokota anatafuta mwenyewe. Nipe hiyo nusu saa."

"Chukua. Lakini usikimbie kanisani."

Mizani alianza na mtawa mzee, mtunza funguo.

"Kisanduku hakina kufuli?"

"Miaka arobaini hakijalihitaji."

"Wageni walikiona kikombe saa nne na nusu. Shangazi alikibeba saa tano. Katikati ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakoroma, mwanangu. Waulize wa jikoni."

Wa jikoni waliapa kwamba sufuria zilitetemeka.

Mizani akatoka hadi mlangoni mwa kanisa, kundi zima nyuma yake. Hapo palikuwa na rundo la mawe. Kila anayehiji huokota jiwe bondeni, huliandika kwa chaki ya dereva wa basi namba ya kiti chake, hulipandisha ngazi mia nane na kulitua hapo. Jioni watawa huziombea namba hizo. Ni namba, si majina, maana shida ya mtu si ya kusomwa na jirani.

Asubuhi ile sonara wa msafara alikuwa amebeba jiwe la kutisha. "Pima, kijana," alimtambia Mizani njiani. Mizani akalinyanyua. "Kilo tatu na nusu kamili, mzee." "Unaona? Dhambi zenu vijana ni kokoto." Shangazi pumzi zilimkatika ngazi ya hamsini, hivyo Mizani akamalizia safari na mawe mawili, lake na la shangazi.

Sasa alihesabu mawe yenye chaki mbichi. Ishirini na moja. Akasoma namba, akarudia. Iliyokosekana ilikuwa kumi na nne.

"Kiti changu," alisema Shangazi.

Minong'ono ikapita. Sonara alitikisa kichwa kwa huruma. "Namba haina upendeleo, mama yangu."

Mizani aliomba aletewe jiwe la kisandukuni, akalipokea kwa mikono miwili, akalipandisha, akalishusha. Hapo tabasamu likamponyoka.

"La shangazi lilikuwa kilo moja na robo. Hili ni tatu na nusu." Aliinama kwenye rundo, akanyanyua jiwe namba tisa kwa vidole vitatu. "Kiti namba tisa ni cha nani?"

Watu wote walimgeukia sonara.

"Changu. Kwani vipi?"

"Hongera, mzee. Umepanda na kilo tatu na nusu za dhambi, sasa imebaki moja na robo. Sala za hapa ni kiboko."

"Mawe yote yanafanana."

"Kwako. Mimi hili nimelibeba ngazi mia saba na hamsini. Lina kishimo, kidole gumba kinaingia." Aliingiza kidole. Kisha akaliinamisha juani, na chini ya tisa nyeupe ikaonekana kumi na nne iliyofutwa vibaya. "Ulisikia shangazi akiomba kukibeba kisanduku. Jiwe lako ukalifuta chaki, ukaliweka ndani ili kisiwe chepesi, la kwake ukalipa namba yako ili yake ndiyo ikosekane. Chaki ya dereva haikurudi, mzee. Hebu toa mkono mfukoni."

Mkono ulitoka, vidole vyeupe kwa chaki. Kikombe kilikuwa kwenye mkoba wake, ndani ya sweta.

"Kwa nini?" aliuliza Abate.

"Babu yangu ndiye aliyekifua," sonara alisema, macho chini. "Kila mwaka napanda, na kila mwaka mnawaambia wageni kilitengenezwa na malaika. Kigeuzeni. Alama yake iko kitakoni."

Abate alikigeuza, akaiona alama. "Ungesema tu," alinong'ona, "tungelitaja jina lake."

"Na mimi ningelala rumande kwa ajili ya malaika," alisema Shangazi.

King'ora kilisikika bondeni. Shangazi alifuta tisa kwa kanga yake, akaandika upya kumi na nne, akalirudisha jiwe lake rundoni. Kisha akalibeba lile kubwa kwa taabu, akampakatisha sonara.

"Shika, kaka. Hili bado hujalitua."