Mahari ya Mguu wa Koku

"Dada Eugenia, mwendesha mashtaka anauliza: unamfahamu mtu anayeitwa Nkwabi Mashimba?"

Aliyeuliza ni mkalimani, kijana wa Kitanzania anayeishi huko huko Ulaya. Sura yake ilijaa kwenye simu yangu niliyoiegemeza kwenye boksi la dawa za kikohozi. Pembeni yake alikaa mama wa Kizungu mwenye miwani, mwendesha mashtaka wa serikali ya kwao. Nilikuwa nimefunga duka langu la dawa hapa Mabatini, Mwanza, na kuzima feni ili wanisikie vizuri, jasho linanitiririka mgongoni.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

"Namfahamu sana! Ni askari polisi, ndiye aliyepeleleza kesi ya mdogo wangu. Tena ni mchumba wangu. Jumamosi analeta mahari."

Mkalimani hakutafsiri. 

"Mbona kimya? Mwambie."

"Dada... umesema mchumba?"

"Mchumba! Mwambie bila Nkwabi mimi ningeshakata tamaa zamani."

Akatafsiri. Yule mama akavua miwani. Wakaongea wenyewe kwa wenyewe, weee, mpaka nikaanza kuogopa.

"Dada, nisikilize taratibu. Mtuhumiwa amehojiwa. Hakatai kwamba boti ilikuwa yake. Anachosema ni kwamba kesi ilishaisha huko Mwanza, alilipa faini polisi. Anasema alituma kwa simu, na jina lililotokea wakati anatuma ni Nkwabi Mashimba. Ndio utetezi wake, kwamba hawezi kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja."

Jamani, nyie! Mtanzania yeyote aliyewahi kumpoza askari anajua hela ile haina jina. Ukishaitoa, unaisahau na mdomo unaufunga. Mzungu yule hakujua. Alidhani amelipia makosa yake serikalini, akaenda kuitangaza kwao kama ushindi. Bila ujinga wake, mimi leo ningekuwa mke wa mtu.

Ngoja niwaeleze. Koku, yaani Kokulinda, ni mdogo wangu wa mwisho, mwanafunzi wa chuo. Siku ile alikuwa anaogelea na wenzake ziwani, karibu kabisa na ufukwe, mahali ambapo hata watoto wanaoga. Mzungu mmoja anaitwa Willem, meneja wa mradi fulani, akaja na boti ya kasi. Amelewa chakari, anawaonyesha wanawake aliowapakia jinsi anavyojua kukata kona. Pangaboi la injini likampitia Koku. Mguu wa kulia ukaenda.

Askari wa doria wakamtoa majini, na mchana huo huo Willem akakamatwa. Jioni akaachiwa. Wiki haijaisha, yuko kwenye ndege. Na sisi tukaanza ile safari mnayoijua wote: mara faili liko kwa mkuu, mara liko kwa mwanasheria, mara aliyekuwa nalo amehamishwa. Mpaka jirani yetu wa zamani, Obedi, anayesoma huko Ulaya, akaniambia kwa simu, "Dada, hawa watu sheria yao inawafuata. Akifanya kosa nje, anaweza kushtakiwa nyumbani kwao. Waandikie waendesha mashtaka." Nikaandika. Wakajibu! Watu ambao hata Mkolani kwetu hawaijui walinijibu, na kituo cha polisi ninachokiona nikisimama mlangoni kwangu hakikunijibu.

Na muda wote huo, nani alikuwa ananifuta machozi? Nkwabi. Ndiye aliyekuwa anakuja wodini na machungwa. Ndiye aliyembeba Koku siku ya kuruhusiwa, akapanda naye ngazi za nyumbani akimtania, "Shemeji umenenepa, ungekuwa ng'ombe baba angekupeleka mnadani." Nilimpenda yule mwanaume. Sifichi. Nilimpenda mpaka nikawa nawatetea polisi mbele za watu.

Nilipokata simu ya mwendesha mashtaka nikamwandikia Nkwabi: "Njoo dukani sasa hivi."

Akajibu: "Naja mama watoto. Nikuletee sato wa jioni?"

Alifika na sato wake kwenye mfuko. Nikafunga mlango nyuma yake.

"Willem alikutumia hela?"

Hakuuliza Willem gani. Aliweka mfuko sakafuni polepole, na hapo hapo nikajua.

"Jenia, nani kakwambia?"

"Nimekuuliza swali!"

"Ilipita kwenye simu yangu. Mkuu wa kituo hakutaka itumwe kwake. Akaniambia nipokee, nimpelekee, na mimi akanikatia kidogo. Ningekataaje? Yule ni mkuu wangu wa kazi!"

"Kwa mdomo! Unakataa kwa mdomo, Nkwabi, kama unavyokataa chai!"

"Hujui kazi zetu. Ukikataa unahamishiwa porini."

"Kwa hiyo bora Koku abaki na mguu mmoja, wewe usihamishwe?"

"Punguza sauti, wateja watasikia."

"Wasikie! Mabatini yote isikie!"

Akakaa kwenye stuli, kichwa ameshika kwa mikono miwili.

"Mke wangu, kweli tupu nakwambia. Mara ya kwanza nilikuja wodini kwa sababu dhamiri ilinisuta. Mara ya pili nilikuja kwa sababu yako. Nakupenda, Jenia. Hilo halina uongo."

"Kumbe yale machungwa tulikuwa tunakula mguu wa mdogo wangu!"

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Sikiliza. Yule mwendesha mashtaka anasema utetezi wa Willem unaanguka kama kuna mtu wa kuthibitisha kwamba ile haikuwa faini, ilikuwa rushwa. Na kwamba alikuwa amelewa. Wewe ndiye uliyempima pombe. Wewe ndiye uliyepokea. Hakuna shahidi mwingine duniani."

Akainua uso. Naapa, huo uso sikuwahi kuuona.

"Niseme halafu? Nifukuzwe kazi? Nifungwe? Na mkuu aseme hanijui? Sikia, Jenia. Ukinitaja, sitasema neno, na mzungu wako atashinda. Ukinyamaza, tunaoana, namtunza Koku kama mdogo wangu wa damu, namnunulia mguu wa bandia mzuri kabisa. Chagua."

"Unanitisha?"

"Nakubembeleza."

"Basi mimi nakupa mpaka Jumamosi. Nenda kwa baba yangu, mwambie mwenyewe kabla hujaleta ng'ombe wako. Usipokwenda, usije."

"Huwezi kumwaibisha baba yako, mzee Bagenda, mbele za watu," alisema akifungua mlango. "Nakujua. Nyie watoto wa Kihaya mmelelewa."

Mfuko wa sato akauacha pale pale. Nikampa paka wa jirani.

Hakwenda kwa baba. Jumamosi akaja.

Fuso lilisimama nje ya geti letu Mkolani, limebeba ng'ombe, wanalia mtaa mzima unatoka kuchungulia. Baba yake Nkwabi, mzee Mashimba, mfugaji wa Usagara, alishuka na fimbo yake na kofia mpya. Mshenga wao, bwana Chenge, alishuka akiimba kabisa. Na Nkwabi katikati, suti ya bluu, haniangalii.

"Shikamoo baba," nikamsalimia mzee Mashimba.

"Marahaba, mkwe wangu! Umeniletea kijana wangu nyumbani. Zamani hata kanisani alikuwa haendi."

Nikamwelekeza kiti sebuleni. Mzee wa watu hakuwa na kosa.

Sasa, kwetu Wahaya mahari haipokelewi hivi hivi. Baba anamwita binti sebuleni, mbele ya pande zote mbili, anamuuliza kama anawafahamu wageni. Akisema anawafahamu, kapu la buni za kahawa linazungushwa, kila mtu anatafuna, undugu umeanza. Akisema hawafahamu, wageni wanachukua vyao wanaondoka. Watu wengi siku hizi wanaona ni mchezo wa kuigiza tu, binti aone aibu kidogo, watu wacheke, wapige vigelegele. Nkwabi naye aliona hivyo hivyo.

Nikaitwa. Nikasimama katikati ya zulia na gauni langu la kitenge. Koku alikuwa kwenye kona, magongo yake ameyalaza chini ya kiti.

"Eugenia, mwanangu," baba akaanza, anatabasamu mpaka jino la nyuma. "Hawa watu wamekuja na maneno matamu. Wanasema wanakufahamu. Je, wewe unawafahamu?"

"Mzee Mashimba simfahamu kwa ubaya, Tata. Ni mtu mwema. Huyu mwanaye ndiye ninayemfahamu."

"Aaah! Anamfahamu!" Chenge akadakia, shangazi akaanza kigelegele.

"Shangazi, ngoja," nikasema. "Sijamaliza. Namfahamu. Ndiye aliyepokea hela ya mzungu aliyemkata Koku mguu. Kesi ya Koku haikupotea, Tata. Iliuzwa. Na muuzaji amekaa kwenye kochi lako, anasubiri kahawa."

Kigelegele kilikatikia kooni. Kapu la kahawa lilikuwa mkononi mwa mama, akalishusha.

"Jenia!" Nkwabi akasimama. "Una wazimu? Mbele ya wazee?"

"Ulitaka nikuulizie wapi? Chooni?"

"Wazee wangu, huyu ana hasira tu, tuligombana juzi..."

"Nkwabi." Alikuwa mzee Mashimba. Hakupaza sauti. "Ni kweli?"

"Baba, mambo ya kazi haya huwezi kuyaelewa."

"Nimekuuliza kama ni kweli. Sijakuuliza kama naelewa."

Nje ng'ombe mmoja akalia.

"Ng'ombe wengine nilikupa mimi, wa zizini kwangu," mzee akaendelea. "Wale wekundu uliniambia umenunua kwa mshahara. Ulinunua kwa hela gani?"

Nkwabi akaangalia viatu vyake. Mzee wa watu akakaa, fimbo ikamdondoka, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

"Ng'we!" akaguna kikwao, kama anaongea peke yake. "Nimechunga tangu niko mtoto. Sijawahi kuingiza ng'ombe wa wizi kwenye boma la mtu. Leo nimewaleta mwenyewe na kofia mpya kichwani."

Baba yangu alikuwa ameshasimama, kidole kinaonyesha mlango. "Toka nyumbani kwangu! Toka kabla sijasahau kwamba nilikuwa mwalimu!"

"Tata, asitoke kwanza," Koku akasema.

Alijiinua kwa magongo yake, akaja mpaka mbele ya Nkwabi. Watu wakampisha.

"Shemeji, siku ile ulinitoa kwenye maji wewe. Unakumbuka nilikwambia nini?"

"Koku, tafadhali..."

"Nilikushika shati, nikakwambia usimwache aende. Ukaniambia, 'Hatoki, mdogo wangu, nakuapia.' Mimi nikazimia nikiwa na amani, kwa sababu polisi ameniapia. Nikiwa hospitali kila mtu aliyesema polisi wamehongwa nilimbishia. Nilimwambia huyu wa kwangu siyo."

Nkwabi akafumba macho. 

Mimi nilishatoa simu. Yule mkalimani alikuwa ameniambia, siku yoyote, saa yoyote, dada piga. Nikapiga. Akatokea, kavaa tisheti ya nyumbani.

"Yupo hapa," nikamwambia. "Muunganishe yule mama." Nikamgeukia Nkwabi, nikamnyooshea simu. "Sema."

"Nitafungwa, Jenia."

"Sema."

Akamwangalia baba yake. Mzee Mashimba akasema neno moja tu: "Sema."

Akaipokea. Akaiweka sawa kola ya suti, kama yuko gwaride.

"Naitwa Nkwabi Mashimba, askari polisi. Mtuhumiwa Willem nilimkamata mimi. Nilimpima, alikuwa amelewa sana. Zile hela alizotuma kwangu hazikuwa faini. Zilikuwa rushwa ya kuzima kesi. Alijua. Mimi mwenyewe nilimwambia, ukituma leo, kesho hutatuona." Akamtazama Koku, akaendelea. "Aliniuliza kama atapewa risiti. Mimi na mkuu wangu tukacheka."

Akataja na jina la mkuu wake. Mama wa Kizungu aliuliza maswali mengi, Nkwabi akajibu yote, sebule nzima inasikiliza. Mwishoni mkalimani akasema, "Anasema ataandikiwa rasmi, arudie haya kwa kiapo. Akirudia, hii kesi inakwenda mahakamani." Koku akakaa chini kwenye zulia akalia kwa sauti, mama akamkumbatia.

Nkwabi alinirudishia simu. Vidole vyetu vikagusana. Nisiwadanganye, moyo wangu ulishtuka vile vile ulivyozoea, na hilo likanipandisha hasira zaidi.

"Nimesema," akanong'ona. "Jumatatu nitakwenda Takukuru mwenyewe, niiungame hii rushwa. Nitarudia kiapo. Nitataja kila mtu. Jenia, nikitoka huko... utanisubiri?"

Chenge alikuwa ameshaanza kuwaswaga ng'ombe warudi kwenye Fuso. Majirani wamejaa getini, simu juu, wanarekodi. Ningeweza kumtukana, matusi nilikuwa nayo tele. Ningeweza pia kumkumbatia, nayo mikono ilikuwa inataka, shenzi zake.

"Nkwabi, Koku alikusubiri wewe mwaka mzima umletee haki, na ulikuwa unakaa naye meza moja, unakula naye. Mimi simsubiri mtu."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akamwokotea baba yake fimbo, akamshika mkono, wakatoka.

Nilisimama pale pale mpaka Fuso likawaka na kuondoka. Halafu nikaingia chumbani kwa Koku, nikaweka kichwa kwenye paja lake lile lililobaki, nikamlilia mwanaume niliyemfukuza. Koku akanipigapiga mgongoni, akaniambia, "Lia, dada. Mimi nimemaliza, sasa ni zamu yako."