Gauni la Sufu

Mitego ilikuwa imejaa wadudu asubuhi hiyo, ila wote walikuwa wameelekea upande mmoja.

Mtunza ghala wa makumbusho, ambaye wenzake walimtania kwa kumwita Mama Dudu, alichuchumaa kuitazama. Kila Jumatatu alizunguka ghala akikagua mitego ya gundi, apate kujua nondo na mende wanaingilia wapi kabla hawajala vitu vya watu wa kale. Miaka kumi na tisa hakuona jambo kama hili. Kila mdudu alikuwa amenasa akiipa mgongo rafu ya nguo, kama aliyekufa akikimbia.

Juu ya rafu hiyo palikuwa na kitu kimoja kipya: gauni la mtoto, la sufu, lililotolewa kwenye nyumba kuukuu iliyobomolewa. Viwavi wa nondo walikuwa wamelitoboatoboa. Alipolinusa, lilinuka jasho la mtoto mwenye homa.

Akafanya kama kazi inavyotaka. Alilifunga ndani ya plastiki, akalitia kwenye friza likae wiki mbili, baridi iue viwavi na mayai yao.

Siku ya tatu, mchana kweupe, akiwa anaandika lebo, akasikia kutoka ndani ya friza:

"Mama, nasikia balidi."

Kalamu ikamtoka mkononi. Binti yake alifariki kwa homa akiwa na miaka sita, na mpaka anakata roho hakuwahi kuiweza herufi ya *r*.

Jioni alimwambia mumewe.

"Mke wangu, aliyekufa hasemi. Anayesema ni mwingine. Usifungue."

"Na kama ni yeye?"

"Usifungue, nakusihi."

Siku mbili alijikaza. Siku ya tano sauti ililia tangu asubuhi, ikaomba shuka, ikaomba maji, ikauliza kosa lake ni nini hata mama amfungie gizani, na yeye akaziba masikio, akaimba, akatoka nje, akarudi, mpaka mikono yake ikafungua friza kabla moyo haujaamua, akalikumbatia gauni lile, nalo likawa moto kama paji la uso la mgonjwa.

Tangu hapo hakulitua. Alikaa sakafuni akilibembeleza, hali, hazungumzi, huku nondo wakiruka kutoka rafu hadi rafu wakila alivyovilinda miaka yote. Akakonda, akabaki mifupa mitupu.

Mumewe alikuja na bibi mmoja mganga, mfupi, mwenye sauti ya chini. Bibi akafukiza ubani, akaketi mbele ya gauni.

"Umefuata nini kwa huyu?"

"Sikumfuata," ikajibu sauti ya mtoto. "Nililia, akanifungulia. Ana nafasi tupu. Nimekaa."

"Toka."

"Nitatoka akiniruhusu. Lakini sauti hii niliikuta kwake. Nitakwenda nayo."

Bibi akamgeukia mama. "Umesikia, mwanangu? Kitu hiki kikitoka, hutaikumbuka tena sauti ya mwanao. Kikibaki, hufiki mwisho wa mwezi."

"Bora nife nayo," alisema.

Mumewe akapiga magoti. "Nilizika mmoja kwa mikono hii," alinong'ona. "Usinipe wa pili."

Mama akamtazama. Kisha akafungua vidole, kimoja baada ya kingine.

"Nenda," alisema.

Gauni likapoa. Ghala zima likanuka vumbi na karatasi tu.

Alirudi kazini, akapona mwili. Uso wa mtoto anaukumbuka, hata mwanya wa meno. Ila kila jioni humwomba mumewe amwonyeshe binti yao alivyokuwa akizungumza, na yule baba, mtu mzima mwenye sauti nzito, hubana koo na kujaribu.

"Ndivyo alivyokuwa akisema?"

"Ndivyo."

Naye hufumba macho, akasikiliza kwa bidii. Anamsikia mumewe peke yake.