Piano Yangu, Jina la Mdogo Wangu

Mwenzenu nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, ukumbi wa kanisa, Nzuguni, niliposikia piano yangu ikitoka kwenye spika.

Sio ya kufanana na yangu. Yangu...

Ukutani walikuwa wamerusha game ya simu kwa projekta. Ile ambayo vigae vinashuka na wewe unavigusa sawasawa na mapigo ya muziki. Vijana wanashindana, wanakosea, wanacheka. Walikuwa wanakosea palepale nilipojua watakosea. Mkono wa kushoto niliutunga kwa kufuata muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, niliyomwona bibi yangu akiipiga tangu utoto.

Wimbo ukaisha. Jina la mtunzi likatokea.

Joshua.

Mdogo wangu, tumbo moja. Mtu ambaye kwenye kinanda hajui hata pa kuwashia.

Mchungaji akamwita mbele.

"Kijana wetu ametuheshimisha. Kesho kutwa watengenezaji wa game hii wanaongea naye kwa video. Wakimkubali, anakuwa mtunzi wao wa kudumu."

Makofi. Mama akapiga vigelegele.

Nikainuka. Mama akanidaka mkono.

"Kaa, Hilda. Usituaibishe mbele za watu."

Ngoja niwaeleze. Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa. Siku za kazi ukumbi ukiwa mtupu naingia, natunga vyangu, narekodi kwenye laptop. Hao watu wa game wako nje huko, walitangaza wanatafuta nyimbo. Nikafungua akaunti, nikatuma. Kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka, sikuwa na laini yangu, kwa hiyo namba ya simu niliyoweka ni ya mama.

Baadaye akaunti ikagoma kufunguka. Nikadhani ni mtandao. Nikajipa moyo kwamba wakinichagua watapiga simu ya mama.

Kumbe mwenzangu kashaingia, kabadilisha kila kitu.

Nilimkuta nje anapiga selfie.

"Joshua, ule wimbo wa nani?"

"Wa aliyeandikwa, dada."

"Uliingiaje kwenye akaunti yangu?"

"Akaunti gani? Kathibitishe." Akatabasamu. "Sista, kausha. Watu wanatuangalia."

Siwafichi, mkono ulinyanyuka. Nikaurudisha.

Nyumbani nikamlilia mama. Nikamwambia vipande vyote vya wimbo, tangu siku ya kwanza, ninavyo kwenye laptop, na ninawatumia wale watu sasa hivi.

Mama akanifuta machozi kwa khanga yake.

"Ya ndani tuyamalize ndani, mwanangu. Joshua nitamkalisha mimi. Wewe asubuhi panda basi uende kijijini Kibakwe, bibi yako hali yake mbaya. Anakuulizia wewe."

"Na hao watu, mama?"

"Hataongea nao. Nakuahidi mbele za Mungu. Na hiyo laptop niachie hapa, njiani wezi wengi."

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea safari njema.

Nililia njia nzima. Nilijua nakwenda kumkuta bibi kitandani...

Nikamkuta uani anapepeta karanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hee, mbona hukusema unakuja?"

"Mama kasema unaumwa."

"Naumwa nini? Jana nimeshinda shambani."

Nikapanda kilima cha nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, nikampigia mama kwa simu ya bibi.

"Umefika salama, mwanangu?"

"Mama, bibi haumwi."

Akaanza kuniuliza habari za mvua.

"Mama... Joshua alizipataje zile namba za siri za kufungulia akaunti, zilizokuja kwenye simu yako?"

"Nilimsomea mimi."

Alisema hivyo. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Nilimsomea moja moja. Mdogo wako kamaliza chuo, anazunguka na bahasha mpaka viatu vimekwisha. Wewe utaolewa, mumeo atakulisha, jina lako litaenda kwa watu. La Joshua ndilo litakalobaki kwenye nyumba hii."

"Na laptop yangu?"

"Keshaifuta. Usinune, ni ndugu yako."

Jamani. Joshua aliniibia, sawa, wezi wapo kila mahali. Lakini mama alinipandisha basi kwa sala.

Kazi Joshua akaipata. Hawakumwomba apige hata noti moja, wimbo walikuwa nao tayari, na Kiingereza cha kujieleza anacho. Mimi nikabaki Kibakwe, nafundisha kwaya kwa kinanda cha kuazima. Kurudi Nzuguni nilishindwa. Nilimchukia mama, na niliumia kwa kumchukia.

Juzi mama akapiga kwenye laini yangu, maana kitambulisho kilishatoka. Sauti imelainika.

"Hilda wangu, hujambo? Wale watu wanataka wimbo mpya wa Joshua. Mwisho Ijumaa, na safari hii wanataka aupige mbele yao. Wasipoupata wanamwondoa. Rudi umtungie kamoja tu, umfundishe na vidole."

"Mtunzi si unaye hapo nyumbani, mama?"

"Usiwe na roho hiyo. Unataka nife kwa presha?"

"Sitaki ufe. Mwambie mwenye jina atunge."

Akalia. Nilimsikiliza mpaka akachoka. Sikuona huruma, na nawaambia hivyo mkijua mtanisema.

Leo ndiyo Ijumaa. Wimbo mpya ninao, mzuri kuliko ule. Asubuhi nimepanda kilimani na simu, nimeutuma kwa watu wengine, kwa jina langu na namba yangu.

Mabinti wenzangu, mtu anaweza kukupenda kweli, akakuombea kweli, na bado akakuhesabu mpita njia kwenye nyumba uliyozaliwa. Ukishalijua hilo, usikae kusubiri akuonee huruma. Shika chako.

Mama anapiga tena sasa hivi, ninavyoandika.

Acha iite.